MWANASHERIA APIMWE KWA ELIMU YAKE AU KWA JINA LA SKULI YAKE?

Miongoni mwa masuala wanayoulizana wazazi na vijana wanaotamani kuwa mawakili, limo hili ambalo halichoki kurudiwa: je, skuli ya sheria yenye jina kubwa humpatia mtu kazi bora kuliko skuli isiyotajwa na watu? Wako wasemao ya kwamba jina ndilo kila kitu, na kwamba aliyekosa nafasi katika skuli kubwa ni heri ajitafutie kazi nyingine. Wako na wasemao ya kwamba jina ni upepo mtupu, na mwenye akili atafika popote apelekwapo. Sisi twaona ya kwamba makundi yote mawili yamesema nusu ya kweli, na kijana atakayeshika nusu moja peke yake atakuja kujuta.

Ili tusizungumze hewani, tutalitazama jambo hili katika nchi moja, nayo ni Marekani. Tumeichagua kwa sababu huko ndiko kutukuza majina ya skuli kulikofika ukomo wake, na huko ndiko hesabu zake zinakoandikwa na kutangazwa mbele ya watu. Twamwomba msomaji awe na subira, kwani khabari yenyewe ni ndefu, na ndani yake mna faida kwa kila kijana asiye na baba tajiri, awe wa huko au wa penginepo.

JINA HALIKUTOKA KATIKA SHERIA

Marekani ina skuli za sheria zipatazo 200 zilizoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha nchi hiyo. Mbele ya sheria, shahada ya kila moja ina nguvu sawa na ya mwenziwe. Mwenye shahada hiyo aweza kukaa katika mtihani wa uwakili wa jimbo lolote, na akifaulu, na tabia yake ikikaguliwa ikaonekana njema, huapishwa kuwa wakili kamili. Tena katika jimbo la Wisconsin, wanaohitimu katika skuli mbili za jimbo lile, yaani Chuo Kikuu cha Wisconsin na Chuo Kikuu cha Marquette, husamehewa mtihani huo kabisa. Ama kijana aliyetoka Harvard jana, akitaka kuanza uwakili huko, yampasa akae chini aufanye.

Basi ukubwa wa majina haukuletwa na sheria. Sehemu umeletwa na mazoea ya zamani, na sehemu umetiwa chumvi na magazeti. Mwaka 1987 jarida la U.S. News & World Report lilianza kuzipanga skuli za sheria kwa daraja, na tangu 1990 likawa likitoa orodha hiyo kila mwaka. Skuli 14 zilizozoea kukaa kileleni zikafanywa kama ukoo wa kifalme, na wakuu wa skuli nyingine wakawa hawapati usingizi kwa kuogopa kushuka ngazi moja au mbili. Mwezi Novemba 2022 Yale, ambayo tangu 1990 ilikuwa haijashuka katika nafasi ya kwanza, ilitangaza kujitoa katika mashindano hayo. Harvard ikatangaza vivyo hivyo siku ile ile, na nyingine nyingi zikafuata. Walakini jarida halikuacha kazi yake. Liliendelea kuzipanga kwa hesabu zilizokwisha kutangazwa hadharani, na nyingi katika skuli zilizosusa zikabaki kileleni au karibu nacho. Hilo latufundisha ya kwamba jina likishakita mizizi, hata mwenyewe hawezi kulivua.

MAHALI JINA LINAPOTAWALA

Tusifiche ukweli. Iko milango ambayo jina la skuli huifungua, na asiye nalo hubisha mpaka mkono ukaingia ganzi.

Mlango wa kwanza ni ule wa Mahkama ya Juu ya Marekani. Mwezi Juni 2022, alipoapishwa Ketanji Brown Jackson, kati ya majaji tisa wanne walikuwa wametoka Harvard, na wanne Yale. Mmoja tu, Amy Coney Barrett, alisoma kwingine, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Skuli mbili zikawa zimejichukulia viti vinane, na zote zilizobaki zikaachiwa kiti kimoja.

Chini ya majaji hao wako vijana waitwao makarani wa majaji. Msomaji asidhani ya kwamba hao ni makarani wa kujaza madaftari. Ni wanasheria wapya wanaochaguliwa kwa mwaka mmoja ili wamsaidie jaji kuzichunguza sheria na kuziandika rasimu za hukumu. Aliyewahi kuwa karani wa Mahkama ya Juu hugombewa na makampuni ya mawakili, na wengi wa makarani hao hutoka katika zile zile skuli chache.

Mlango wa pili ni wa makampuni makubwa ya mawakili ya New York, Washington na Chicago. Mwishoni mwa mwaka 2023 mshahara wa wakili mpya katika makampuni hayo ulipandishwa ukafika dola 225,000 kwa mwaka. Wakili mpya anayeajiriwa na serikali kuwatetea washtakiwa wasio na fedha huanza kwa kiasi cha thuluthi moja ya mshahara huo, au pungufu. Taasisi ya NALP, inayokusanya hesabu za ajira za mawakili, imeonyesha ya kwamba tangu kundi la waliohitimu mwaka 2000, mishahara ya mawakili wapya ikichorwa katika karatasi hufanya nundu mbili kama mgongo wa ngamia: nundu moja ya walio wengi, upande wa chini, na nundu nyingine ya wachache, mbali kabisa upande wa juu. Katikati mna bonde, na ndani ya bonde hilo wamo watu haba.

Na nani wanaopanda nundu ya juu? Makampuni hayo huchagua vijana mapema mno, mara nyingi mwanafunzi akiwa na maksi za mwaka wa kwanza tu, na hata kabla hazijatimia. Katika skuli zenye jina huchukua wengi, hata walio katikati ya darasa. Katika skuli za wastani huwatazama wachache wanaoongoza. Katika skuli za chini hawaendi kabisa. Basi asemaye kwamba jina si kitu, na awaambie hivyo wale ambao hawakufikiwa na mtu.

KESI YA TARISHI WA POSTA

Wala hili si jambo la kudhani tu. Mahkama ya Juu yenyewe ilikwisha kulitolea hukumu.

Mwaka 1946 Heman Sweatt, tarishi wa posta katika mji wa Houston, aliomba kuingia skuli ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas. Alikataliwa kwa sababu moja, nayo ni weusi wa ngozi yake. Serikali ya jimbo ilipoona imeshtakiwa, ilifungua upesi skuli nyingine ya sheria kwa ajili ya Weusi, kisha ikasimama mbele ya mahkama na kusema ya kwamba skuli hizo mbili ni sawa. Wakati kesi ilipofika juu, skuli ya Weupe ilikuwa na walimu 16 wa kudumu, wanafunzi 850 na vitabu 65,000. Skuli ya Weusi ilikuwa na walimu watano, wanafunzi 23 na vitabu 16,500.

Tarehe 5 Juni 1950 majaji wote kwa kauli moja waliamuru Sweatt apokewe katika skuli ya Weupe. Jaji Mkuu Fred Vinson hakuishia katika kuhesabu vitabu na walimu. Alieleza ya kwamba yako mambo yasiyopimika kwa kipimo, nayo ndiyo yanayoifanya skuli ya sheria kuwa kubwa: sifa ya walimu wake, uzoefu wa wanaoiendesha, vyeo na nguvu za waliohitimu humo, mahali pake katika jamii, mapokeo yake na heshima ya jina lake. Akaongeza ya kwamba skuli ya Weusi ilimtenga mwanafunzi na asilimia 85 ya watu wa jimbo, ambao ndani yao walikuwamo wengi wa mawakili, mashahidi na majaji atakaokutana nao katika kazi yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya suala letu. Jina la skuli lina thamani kwa sababu nyuma yake wako watu: watu walio ndani ya ofisi, wanaojuana, wanaopokea barua za wenzao na kuzisoma kwa wema. Aliyeimiliki njia hiyo hukudanganya akikuambia kwamba haina maana. Mawakili wa Sweatt, akiwamo Thurgood Marshall, waliijua maana yake, ndiyo maana walipigana miaka minne kuipata.

JINA HUPIMA NINI?

Sasa tutazame nusu ya pili. Ikiwa jina lina nguvu hizo, je, lina haki nazo? Je, lapima elimu ya sheria?

Mwaka 2009 Jaji Antonin Scalia wa Mahkama ya Juu aliulizwa na mwanafunzi wa skuli ya sheria ya American University, mjini Washington, mtu kama yeye afanye nini apate kazi ya ukarani wa majaji. Scalia hakumficha. Alimweleza ya kwamba yeye huchukua makarani kutoka skuli ambazo kuingia kwake ni kugumu zaidi, kwa kuwa skuli hizo huwapokea walio bora kwa akili, na hata kama hazifundishi vizuri, mtu bora hataharibika kwa kupita humo.

Tuyapime maneno hayo. Jaji mkubwa amekiri ya kwamba jina la skuli halimwambii kijana kafundishwa nini. Lamwambia tu ya kwamba kijana huyo, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alifaulu mtihani wa kuingilia na akachaguliwa. Kwa hiyo mlango unaofunguliwa au kufungwa miaka mitatu baadaye unafunguliwa kwa matokeo ya asubuhi moja ya zamani, na yote aliyojifunza mtu katika miaka hiyo mitatu hayamo katika mizani.

Katika mazungumzo yale yale Scalia alitaja kwamba mmoja wa makarani bora aliowahi kuwa nao alikuwa Jeffrey Sutton, aliyesoma Ohio State, skuli ya jimbo isiyokuwa katika kundi la wakubwa. Yeye Scalia hakumchagua. Sutton alichukuliwa na Jaji Lewis Powell, aliyekuwa amestaafu, kisha akafanya kazi katika ofisi ya Scalia. Scalia alikiri waziwazi ya kwamba lau uchaguzi ungekuwa wake asingemchukua, kwa sababu ya skuli aliyotoka. Sutton huyo akaja kuwa jaji wa Mahkama ya Rufaa ya serikali kuu mwaka 2003, na mwaka 2021 akawa Jaji Mkuu wa mahkama hiyo.

Je, akina Sutton wangapi wamepita nje ya mlango, wasipate Powell wa kuwashika mkono? Hapana awezaye kuwahesabu, maana aliyekataliwa hapati nafasi ya kuonyesha kwamba amekataliwa kwa makosa. Na mwajiri naye huamini ya kwamba desturi yake ni sahihi, kwa kuwa hawaoni wale aliowaacha.

JINA HALIMFAI KILA MTU

Tena jina lenyewe, hata likipatikana, halimfai kila mtu kwa kadiri moja.

Sandra Day O'Connor alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1952, akiwa miongoni mwa wa juu kabisa darasani. Makampuni ya mawakili hayakumtaka kwa kuwa ni mwanamke, na moja lilimwambia atafutiwe kazi ya ukatibu. Alianza kazi ya sheria katika ofisi ya serikali ya wilaya huko California, na mwanzo alifanya bila ya mshahara. Ruth Bader Ginsburg alisoma Harvard, akamalizia Columbia mwaka 1959 akiwa wa kwanza pamoja na mwenziwe mmoja. Mwaka 1960 Jaji Felix Frankfurter alikataa kumchukua kuwa karani, kwa sababu hiyo hiyo ya uanauke. Wote wawili walikuja kukaa katika Mahkama ya Juu, O'Connor mwaka 1981 na Ginsburg mwaka 1993. Lakini walipokuwa vijana wa kutafuta kazi, majina ya Stanford, Harvard na Columbia hayakuwafungulia mlango uliofunguka kwa wanaume walioshindwa nao darasani.

Clarence Thomas, Mmarekani Mweusi, alihitimu Yale mwaka 1974. Ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2007 ya kwamba makampuni makubwa yalimtilia shaka, yakidhani alipokewa Yale kwa ajili ya rangi yake; naye kwa uchungu akabandika kibandiko cha bei ya senti 15 juu ya fremu ya shahada yake. Mtu aweza kukubaliana naye katika siasa zake au asikubaliane, lakini khabari hii ina funzo: jina lile lile lililomnyanyua mtoto wa Mweupe lilifanywa kuwa sababu ya kumshuku mtoto wa Mweusi.

Na asidhani msomaji ya kwamba hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Lauren Rivera na András Tilcsik, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walipeleka maombi ya kazi ya kubuni katika ofisi 316 za mawakili katika miji 14 ya Marekani. Waombaji wote waliandikwa kuwa wametoka skuli za sheria za daraja la pili, na wote kuwa na maksi za juu kabisa. Tofauti ilikuwa katika mambo madogo: mmoja aliandika kwamba hupenda mashindano ya mashua za tanga, mchezo wa polo na muziki wa kizungu wa kale, mambo ya matajiri; mwingine aliandika mbio za miguu, mpira wa mitaani na nyimbo za mashamba. Mwanamume mwenye dalili za utajiri aliitwa katika maombi 16 kwa kila mia. Mwanamume mwenye dalili za umaskini aliitwa katika moja tu kwa mia. Ama mwanamke mwenye dalili za utajiri, utajiri huo haukumfaa kitu. Skuli ilikuwa ya daraja moja, maksi zilikuwa sawa, na bado kukawa na mtu wa kuchungulia nyuma ya karatasi amtafute baba wa mwombaji.

ELIMU INAPOSHINDA JINA

Pamoja na hayo yote, hatusemi ya kwamba aliye nje ya skuli kubwa akate tamaa. Mwaka 2012 Richard Sander na Jane Bambauer walichapisha uchunguzi wa maisha ya kazi ya mawakili wengi wa Marekani. Walichokiona ni kwamba maksi alizopata mtu ndani ya skuli yake zilitabiri maendeleo yake kuliko ukubwa wa jina la skuli hiyo. Maana yake ni kuwa kijana anayeongoza katika skuli ya wastani mara nyingi humpita yule anayeburura mkia katika skuli kubwa.

Na uko mfano mkubwa zaidi ya hesabu. Skuli ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, ilikuwa skuli ya jioni iliyodharauliwa. Mwaka 1929 uongozi wake ukashikwa na Charles Hamilton Houston, Mmarekani Mweusi aliyekuwa amesoma Harvard. Alifunga masomo ya jioni, akaongeza ugumu wa mitihani, akawafundisha vijana wake kuitumia Katiba kama silaha ya kuvunja ubaguzi. Mmoja wa vijana hao alikuwa huyo Thurgood Marshall tuliyemtaja, ambaye alikwenda Howard kwa kuwa skuli ya jimbo lake la Maryland ilikuwa imefungwa kwa Weusi. Alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza, na miaka miwili baadaye yeye na mwalimu wake Houston wakaishtaki skuli ile ile ya Maryland na kuishinda. Marshall alipeleka kesi 32 mbele ya Mahkama ya Juu na kushinda 29, ikiwamo ile ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi katika skuli za serikali. Mwaka 1967 akawa Mweusi wa kwanza kukaa katika mahkama hiyo.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1960 ulipofanywa mkutano wa Katiba ya Kenya katika jumba la Lancaster House, London, wajumbe wa Kiafrika walimchukua Marshall awe mshauri wao, naye akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya nchi hiyo. Wajumbe hao hawakumchagua kwa jina la Howard. Walimchagua kwa kazi waliyoiona.

Hata katika siasa, Joe Biden alihitimu sheria Syracuse mwaka 1968, akiwa wa 76 katika darasa la watu 85, akafika urais mwaka 2021. Makamu wake, Kamala Harris, alihitimu mwaka 1989 katika skuli ya Hastings, San Francisco. Skuli hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2023, na hapana hata mmoja wa waliosoma humo aliyepungukiwa na elimu yake kwa jina kufutwa.

DENI NA UDANGANYIFU

Hatari kubwa ya kuliabudu jina ni kwamba huwapa nafasi wafanya biashara. Karo ya Harvard imekwisha kupita dola 70,000 kwa mwaka. Skuli zisizo na jina hilo nazo hutoza kwa wingi, kana kwamba zauza bidhaa ile ile, na vijana wengi hutoka wakiwa na deni linalozidi dola 100,000. Mwenye kuipata nundu ya juu ya ngamia aweza kulilipa. Aliyebaki katika nundu ya chini hulibeba miaka na miaka.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Illinois kilikiri kwamba skuli yake ya sheria ilitangaza maksi za kuingilia zisizo za kweli ili ionekane bora, na mwaka 2012 Chama cha Mawakili kikaitoza faini ya dola 250,000. Mwaka huo huo wa 2011 mhitimu mmoja aliishtaki skuli ya Thomas Jefferson ya San Diego, akidai kwamba iliwahesabu kuwa wameajiriwa hata waliopata vibarua visivyohusu sheria. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahkama likamnyima haki hiyo. Na mwaka 2017 skuli ya sheria ya Charlotte, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kutafuta faida, ilifunga milango baada ya kunyimwa mikopo ya serikali kwa wanafunzi wake, ikawaacha vijana hawana skuli, na madeni wanayo.

Faida moja ilitoka katika aibu hizo. Siku hizi kila skuli iliyoidhinishwa yalazimika kutangaza wangapi kati ya wahitimu wake wamepata kazi ya kudumu ya uwakili miezi 10 baada ya kumaliza, na wangapi hawana kitu.

YATUPASA KUSEMA NINI?

Wako watakaotujibu: mwajiri apokea maelfu ya maombi, hana wakati wa kumjua kila mtu, na jina la skuli humpunguzia taabu. Twakubali ya kwamba humpunguzia taabu. Lakini taabu aliyopunguziwa mwajiri ameitwika nani? Amemtwika kijana ambaye kosa lake ni kuzaliwa mahali pasipo na mwalimu wa kumtayarisha kwa mtihani ule wa asubuhi moja.

Wengine watasema: basi mwambieni maskini aachane na skuli kubwa, kwani elimu ni ile ile. Hapo tunakataa. Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walichunguza vyuo vya Marekani kwa jumla, si vya sheria peke yake, wakaona kwamba kwa wanafunzi wengi kuingia chuo kikubwa hakukuwaongezea kipato, wakilinganishwa na wenzao waliokubaliwa huko wakaenda kwingine. Lakini kwa watoto wa maskini kuliwaongezea. Sababu haikufichika. Mtoto wa tajiri anao wajomba na marafiki wa baba. Jina la chuo kwake ni kilemba juu ya kilemba. Mtoto wa maskini hana kingine cha kumtambulisha. Kwa hiyo anayelihitaji jina zaidi ndiye anayelikosa zaidi, na hiyo ndiyo dhulma yenyewe.

Basi twamwambia kijana: ukipata nafasi katika skuli kubwa, na deni lake waweza kulibeba, ichukue bila ya haya. Ukiikosa, usinunue jina dogo kwa bei ya jina kubwa. Uliza kwanza, na ujibiwe kwa hesabu. Wataka kazi gani, na katika jimbo gani? Maana skuli ya jimbo, isiyojulikana mbali, mara nyingi ndiyo iliyojaza mahkama na ofisi za jimbo lile. Wangapi katika wahitimu wake wamepata kazi ya uwakili ya kudumu? Wangapi wamefaulu mtihani wa uwakili kwa mara ya kwanza? Utatoka na deni la kiasi gani? Na ule msaada wa karo ulioahidiwa, je, utaondolewa maksi zako zikishuka? Skuli isiyotaka kuyajibu hayo imekwisha kukujibu.

Na waajiri twawaambia: lifunikeni jina la skuli mnaposoma maombi mara ya kwanza. Mpeni kijana shauri la kweli aliandikie maoni, kisha msome alichoandika. Pelekeni watu wenu katika skuli ambazo hamjafika. Mkiona baada ya hayo kwamba wa Harvard ndiye bora, mchukueni; atakuwa amestahiki kwa kazi yake, na wala hapana atakayenung'unika.

Mteja aliye kizimbani, anayekabiliwa na kifungo au kunyang'anywa nyumba yake, hamwulizi wakili wake alisomea wapi. Humwuliza kama ameisoma kesi yake. Suala hilo ndilo ambalo kila mwajiri yampasa aulize kabla ya jingine lolote.